Ushuhuda wa Kichwa Changu

Mkono wa kushoto ndio ulioanza. Nilikuwa nikichapa hati ya nyumba katika ofisi ya wakili niliyemfanyia kazi katikati ya jiji, juu ya duka la viatu, na kidole kidogo kikaanza kurukaruka chenyewe. Nikakitazama. Kikavuta vidole vingine, halafu mkono mzima, na karatasi ikajaa herufi ambazo hakuna mteja aliyeziagiza. Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka nilipojikuta sakafuni, kichwa kimelazwa juu ya koti la wakili, naye mwenyewe amepiga magoti akinipepea kwa faili.

Wakili alikuwa Mhindi wa makamo, mtu mpole, asiyekula nyama wala yai, na mwenye desturi ya kuomba radhi kabla ya kukupa kazi. Aliniomba radhi hata siku hiyo. Akasema hati ingeweza kusubiri. Kisha akamtuma tarishi akaite teksi, akanisindikiza mpaka nyumbani Kileleshwa, akamweleza mama yangu mlangoni kwamba nilianguka nikatetemeka, na kwamba ulimi wangu ulikuwa na damu.

Mama alimshukuru, akamkaribisha chai, na wakili alipoondoka akafunga mlango na kusema kwamba neno kifafa lisitamkwe katika nyumba ile.

Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Tuliishi watatu katika nyumba ya serikali, maana baba alifanya kazi wizarani. Ndugu zangu wakubwa walikuwa wameshaoa na kuolewa. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Mama aliyasema yaliyobaki. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu, na kila mtu, hata mchungaji, alimwita mama mwenyekiti. Alijua kwamba msichana mwenye kifafa haolewi. Alijua pia kwamba mtu akianguka na kutoa povu watu husogea mbali, kwa kuogopa kwamba povu linaambukiza. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kusogea.

Kwa hiyo daktari wa upasuaji aliposema kwamba nilikuwa na uvimbe ubongoni, nilimwona mama akishusha pumzi.

Mashine za kupiga picha ya ubongo zilikuwa chache wakati ule, na ilibidi tungoje zamu. Daktari aliipachika picha kwenye ubao wa taa na kutuonyesha kwa ncha ya kalamu: upande wa kulia, duara jeupe kama pete ndogo, na kuizunguka, kivuli cha kijivu ambacho alisema ni ubongo uliovimba. Hakuwa mtu wa kuficha mambo. Alisema picha ya namna ile kwa kawaida ni uvimbe, na ni uvimbe gani hangeweza kujua mpaka afungue fuvu na kutazama. Baba akauliza kama kufungua ni lazima. Daktari akasema ndiyo. Baba hakuuliza tena.

Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani akatangaza. Alilitamka neno uvimbe polepole, na watu wote wakageuka kunitazama. Uvimbe ubongoni ni ugonjwa wenye heshima zake. Hakuna anayeuliza ulikula nini wala ulilala wapi. Akina mama walianza kuja nyumbani wawili wawili wakiwa na vyungu vya githeri na chupa za chai, wakakaa sebuleni wakiniangalia kwa huruma na kuniambia nisinyanyue kitu. Msichana mmoja niliyesoma naye sekondari alikuja akalia, akaniomba msamaha kwa jambo ambalo silikumbuki hadi leo. Nilimsamehe. Ilionekana ndiyo kazi yangu wakati huo.

Baba alianza kunipigia viatu rangi. Kila asubuhi nilivikuta mlangoni vikimetameta, hata siku ambazo sikuwa na pa kwenda.

Mimi mwenyewe niliogopa kwa namna ambayo sikuitarajia. Sikulia sana. Nilichoona ni kwamba vitu vilikuwa vikipoteza maana kimoja kimoja. Kulikuwa na koti la baridi nililolitamani dirishani mwa duka, na siku moja nikalipita na kuwaza kwamba Julai na baridi yake bado iko mbali. Nikaenda zangu kituoni. Ofisini wakili alinipa kazi nyepesi za kupanga faili, akiomba radhi, na kila nilipoinuka kwenye kiti naye aliinuka.

Daktari wa upasuaji hakutaka kunifungua kichwa huku bado naanguka. Akanituma kwa mwenzake, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, aniwekee dawa ya kutuliza degedege kwanza. Huyu alikuwa mzee mwenye kliniki Westlands, ghorofani, na hakuwa na haraka hata kidogo. Aliitazama picha muda mrefu. Kisha akaiacha, akaanza kunipapasa mikono, kutoka begani kwenda chini, kama mtu anayechagua kitambaa.

Juu kidogo ya kiwiko akasimama. Palikuwa na kinundu kidogo chini ya ngozi, kigumu, kama punje ya maharagwe. Hakikuwahi kuuma.

“Hiki kina muda gani hapa?” akauliza.

Nikamwambia tangu sekondari. Akauliza kama kuna vingine. Nikamwambia kipo kimoja mgongoni. Akakitafuta, akakipata, akarudi kwenye kiti chake na kuandika kwamba nikapigwe eksirei ya mapaja.

Ngazini mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mzee yule amepotea njia. Kichwa kiko juu na yeye anatafuta mapajani.

Tulirudi na eksirei, safari hii na baba pia. Daktari aliipachika kwenye taa. Mifupa yangu ya mapaja ilionekana, minene na myeupe, na katika nyama iliyoizunguka palikuwa na punje punje nyeupe, nyembamba, zote zimelala upande mmoja. Ilikuwa kama mtu alinimwagia mchele ndani.

“Sidhani kama kichwani kuna uvimbe,” daktari akasema. “Nafikiri ni mdudu.”

Mama ndiye aliyeuliza kwanza.

“Yuko hai?”

“Hizi za mapajani zilikufa zamani, zikageuka chokaa. Huyu wa kichwani ndio anakufa sasa. Ndiyo sababu anasumbua. Alipokuwa hai alikaa kimya.”

Akatueleza kwamba ni tegu, yule mnyoo mrefu bapa anayepatikana katika nyama ya nguruwe. Mama alimkatiza kwa heshima akamwambia kuwa haiwezekani, kwa sababu mimi sikupenda nyama ya nguruwe tangu nikiwa mtoto, nilikuwa nikitapika. Hilo lilikuwa kweli. Daktari akasema anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri hupata mnyoo tumboni, na mnyoo wa tumboni si shida kubwa, mtu anaweza kuishi naye miaka bila kujua. Shida ni mayai yake. Yanatoka chooni, yanabaki kwenye mikono isiyooshwa vizuri, yanafika kwenye chakula, na mtu mwingine anayameza. Yakishamezwa, watoto wa mnyoo hupenya tumbo, huingia katika damu na kwenda kukaa popote: nyamani, machoni, kichwani.

“Kwa hiyo kuna mtu,” akasema, “aliye naye tumboni, au aliyekuwa naye. Mara nyingi ni mtu wa meza moja. Nataka nyote mpimwe choo.”

Baba akauliza swali lake. “Kwa hiyo hafi?”

“Tukimtibu, sioni kwa nini afe.”

Tukiwa njiani kurudi, baba alisimamisha gari kando ya barabara, mahali ambapo hakuna sababu ya kusimama, akazima injini. Alikaa hivyo ameshika usukani. Magari yaliyokuwa nyuma yetu yakapiga honi, yakatupita. Kisha akawasha gari tukaenda nyumbani.

Nyumbani vikopo vitatu vya maabara viliwekwa kwenye rafu ya bafuni. Changu na cha baba viliondoka kesho yake. Cha mama kilikaa. Kwanza alisema hakuwa na nafasi, kisha akasema amefunga kwa ajili ya maombi yangu na mtu aliyefunga hana cha kupima. Baba alikichukua kikopo kile, akamwekea mezani kando ya sahani yake, akaendelea kula. Mama akakipeleka.

Alikuwa ni yeye.

Daktari alipomwambia, mama alikuwa na mkoba wake mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Daktari alimuuliza kama amewahi kuona vipande vyeupe, bapa, kama utepe, anapokwenda chooni. Mama akasema ndiyo. Tangu lini? Tangu zamani. Kwa nini hakuwahi kumwambia mtu? Akasema alidhani kila mtu anavyo.

Nyumbani kwao, Kiambu, mjomba alifuga nguruwe waliotembea watakavyo, na kila sherehe alichinjwa mmoja. Mama ndiye aliyesimamia sufuria. Aliipenda ile nyama, na alipenda kuionja ikiwa bado jikoni, kipande baada ya kipande, kuangalia chumvi. Nilimwona akifanya hivyo maisha yangu yote.

Dawa yake ilikuwa vidonge vya siku moja. Alivitafuna, akanywa maji, ukawa mwisho wa mnyoo wake. Yangu ilikuwa safari ndefu zaidi. Nililazwa, kwa sababu mdudu anapouawa ubongo huvimba kwanza, na siku zile za mwanzo kichwa kiliniuma hadi nikaomba wanifungue tu. Walinipa dawa nyingine ya kupunguza kule kuvimba kwa ubongo, na hiyo ikanivimbisha mashavu, nikawa naonekana mtu aliyepata kazi nzuri. Halafu maumivu yakapungua. Mkono ukatulia. Picha ya miezi iliyofuata ilionyesha kuwa ile pete imesinyaa, na mwishowe ikabaki nukta tu, ndogo, nyeupe. Daktari alisema nukta hiyo nitakuwa nayo maisha yangu yote na haitanifanya kitu.

Tangu siku ya majibu yake, mama hakupika. Aliosha jikoni, akaosha tena. Alichemsha vijiko. Lakini kupika alikataa, bila kusema kwamba amekataa. Jioni alikuwa na mkutano, au mgongo ulimuuma. Nilipika mimi, na sikuwa mpishi. Baba alikula ugali wangu mbichi na hakulalamika.

Nilirudi kazini. Nilimweleza wakili ukweli wote, kwa kuwa alikuwa ameninyanyua sakafuni na niliona anastahili. Alisikiliza akitikisa kichwa. Kisha akauliza kama mtu ambaye hajawahi kuonja nyama tangu azaliwe anaweza kupata mdudu yule kichwani. Nikamwambia daktari alisema ndiyo, hata kwa kachumbari, hata kwa jani la dania, ikiwa mikono iliyoitayarisha ina mayai. Juma hilo alipeleka nyumba yake nzima kupimwa, pamoja na mama yake mzee ambaye hakuwa ametoka nje ya Parklands kwa muda mrefu. Wote walikuwa wazima. Akaja kuniomba radhi kwa kuniuliza.

Kanisani, mama alisimama tena. Akasema kwamba picha ya kwanza ilionyesha uvimbe, na picha ya sasa haionyeshi uvimbe, na hakuna kisu kilichogusa kichwa cha mwanawe. Kila neno lilikuwa kweli. Kanisa likapiga vigelegele. Nilikuwa nimeketi safu ya pili na mashavu yangu mapya, na nilielewa vizuri kwa nini alikomea hapo. Angesema mnyoo, wangeuliza ulitoka wapi.

Basi nikawa ushuhuda. Watu walinishika kichwa wakitoka ibadani. Wageni waliletwa kuniona. Nilikuwa bado nikimeza vidonge vya degedege asubuhi na jioni, na wageni walipokuwapo nilivimezea bafuni.

Haya yaliendelea mpaka alipokuja mwanamke mmoja kutoka Kitisuru.

Alikuja na gari lenye dereva, akiongozwa na mama mmoja wa kikundi ambaye alimwacha mlangoni akaenda zake. Mama alimjua kwa sifa tu. Mumewe alikuwa na majumba ya kupangisha sehemu nyingi za mji. Mama alitoa vikombe vya wageni. Yule mwanamke alikuwa na adabu, hakutazama huku na huku, na alipoketi alieleza shida yake moja kwa moja. Mumewe alikuwa na uvimbe ubongoni. Amepangiwa siku ya kupasuliwa, na sasa amekataa. Amesikia habari za msichana wa Kileleshwa, naye anataka alichofanyiwa yule msichana.

“Mzee anasema kama Mungu aliuyeyusha wa huyu, na wake atauyeyusha,” akasema. “Mimi nimekuja kuuliza mlifanyaje, mama mwenyekiti. Mlifunga vipi. Mliomba maneno gani.”

Mama alianza kumjibu. Alimweleza juu ya mfungo, nani aliomba na nani, wimbo gani uliimbwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, nikimtazama anavyosema, na niliona sauti yake inapungua kadiri mgeni alivyozidi kusogea mbele kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeamua kwamba nitamfuata huyu mwanamke mpaka kwenye gari na kumwambia.

Mgeni akauliza, “Na operesheni, mliikataaje? Madaktari walikubali?”

Mama alirekebisha kitambaa cha meza, ingawa kilikuwa kimenyooka.

“Hatukukataa,” akasema. “Hapakuwa na uvimbe. Kichwani mwa huyu kulikuwa na mdudu, tegu wa nguruwe. Walimpa dawa, akafa.”

Mgeni alinitazama, akamtazama mama tena.

“Alitoka kwangu,” mama akaendelea, kwa sauti ile ile. “Mimi ndiye niliyekuwa naye tumboni. Nikampa mwanangu kwa mikono yangu hii, nikimpikia. Tuliomba, hilo ni kweli. Lakini kanisani sikumaliza habari.”

Yule mwanamke aliweka kikombe chake kwenye sahani kwa uangalifu mkubwa. Nilidhani ataondoka. Badala yake aliuliza, “Basi labda na wa mzee ni mdudu?”

“Labda,” mama akasema. “Nitakuelekeza kwa daktari. Lakini akisema si mdudu, mama, mwache mzee apasuliwe. Usimngojee Mungu kwa sababu yangu.”

Hakuwa mdudu. Daktari wa Westlands alimpapasa mikono yule mzee, akamtazama mapaja, akasoma picha, na akamwambia kwamba wake ni uvimbe hasa, na kwamba amepoteza muda wa kutosha. Sijui mkewe alimwambia nini, lakini siku ilipofika alikwenda. Alipasuliwa na akapona. Pua yake haikunusa tena kitu chochote, na wapangaji wake wanasema tabia haikubadilika.

Mkewe hakutusengenya, ila alimweleza yule mama aliyemleta, kwa kuwa ilibidi amweleze kitu. Kufikia Jumapili kanisa zima lilijua. Hakuna aliyesema neno baya. Walimsalimia mama kwa ncha za vidole. Wiki chache baadaye kulikuwa na chakula cha harusi ukumbini, na mama, ambaye sasa alikuwa amejilazimisha kupika tena kwa ajili hiyo, alipeleka bakuli kubwa la mukimo wa viazi. Liliwekwa katikati ya meza. Watu walichukua kutoka kulia, wakachukua kutoka kushoto. Bakuli la mama likabaki kama lilivyokuja, na alama za mwiko wake zikiwa juu.

Alilibeba mapajani mwake garini. Nyumbani baba alitoa sahani, akajipakulia, akala, akajipakulia tena. Nami nikachukua sahani. Mama alisimama karibu na sinki akitutazama kama watu wanaofanya jambo la hatari.

“Mwache tu baba yako ale,” akaniambia. “Si lazima wewe ule.”

“Nimechoka na ugali wangu,” nikamwambia.

Tulikula mukimo ule kwa siku kadhaa, mpaka ukaisha. Kesho yake mama alipika maharagwe.

Uchaguzi wa kikundi ulipofika, jina lake halikutajwa, naye hakuuliza. Aliendelea kukaa mahali pale pale kanisani. Mimi sikushikwa kichwa tena, jambo ambalo lilinifaa, na vidonge nikawa namezea mezani.

Lakini akina mama walianza kuja tena. Safari hii hawakuja wawili wawili, na hawakupitia mlango wa mbele. Mmoja alikuja kuomba mche wa mboga ya terere. Mwingine alikuwa anapita tu, ingawa nyumba yetu haikuwa njiani kwenda popote. Waliingia jikoni, wakasifu usafi, wakazungumza juu ya mvua, na mwishowe wakauliza kana kwamba wamekumbuka sasa hivi: ile dawa inaitwaje? Na vile vipande, vilikuwa vinafanana na nini hasa?

Mama aliwaeleza bila kupunguza sauti. Aliwaambia urefu, rangi, na kwamba wakati mwingine vinajisogeza. Aliwaambia wasiende peke yao, waende na watoto, na wamwambie daktari wapapase mikono. Mmoja wao, mwanamke mnene wa kwaya ambaye aliwahi kuniletea githeri, alianza kulia akiwa amesimama karibu na jiko. Akasema anaye mtoto wa mwisho, wa darasa la sita, anayeanguka. Walikuwa wamemficha nyumbani miezi mingi bila kwenda shule. Mama akamvutia kiti, akamuuliza mtoto huanza kutetemeka upande gani. Mimi nikachukua ndoo ya nguo, nikatoka kwenda kuanika, nikawafungia mlango.